Mfuko Uliokataa Barafu

Ummkulthum alianza kutetemeka wakati mfuko aliotundikiwa umebaki robo. Kitanda cha chuma kilitetemeka pamoja naye, na gilasi ya maji iliyokuwa juu ya kabati dogo ikawa inagonga kisahani chake, ngiri ngiri ngiri, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi. Mumewe, Mabrouk, ambaye hajapata kuacha kitu kipite bila kukihoji, aliitazama gilasi kwanza, akakitazama kitanda, kisha ndipo akamtazama mkewe. Alipomaliza ukaguzi huo akaita nesi.

Sista Badria alikuja kwa mwendo wa haraka usio wa mbio. Aliufunga mpira wa mfuko, akapima joto, akamchoma mgonjwa sindano, akamwongezea shuka, kisha akauteremsha mfuko na kuufunga vizuri ili urudishwe maabara ukachunguzwe. Aliwaeleza kwamba homa ya namna hii huwapata baadhi ya watu wanapotiwa chembe sahani, na mara nyingi hupita yenyewe, lakini yeye si mtu wa kusema "mara nyingi" halafu akaenda kunywa chai. Alivuta kiti akakaa.

Chembe sahani ndizo zilizowaleta hospitalini. Ni vijichembe vya damu vinavyokimbilia palipotoboka vikapaziba, na uboho wa mifupa ya Ummkulthum ulikuwa umeacha kuvitengeneza. Dawa alishaanzishwa, lakini dawa ilitaka wiki kadhaa, na pua yake haikuwa na subira hiyo. Ilivuja kidogo kidogo, pamba baada ya pamba. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba pua si hoja. Hoja ni kwamba siku yoyote damu inaweza kuvuja kichwani, mahali ambapo hapafiki pamba. Mpaka uboho uzinduke, Ummkulthum angeishi kwa chembe za watu wengine.

"Damu ya nani hii?" aliuliza Bi Wanu, mama yake mgonjwa, aliyekuwa amekaa dirishani na tasbihi yake. Dirisha lilikuwa la Mji Mkongwe, lililokaribiana na dirisha la jirani kiasi cha kuombana chumvi.

Sista Badria akajibu kwamba jina la mchangiaji halitolewi.

"Sikutaka jina, mwanangu. Nnataka kujua ni mtu wa namna gani. Huyu binti yangu hajapata kuwa na hasira tangu nimzae. Hii ni damu ya mtu mwenye hasira."

Mabrouk hakuamini kwamba hasira hupita kwenye mpira. Yeye alikuwa na nadharia yake. Aliuza barafu, nyumbani kwake Mpendae palikuwa na mafriza matatu barazani, mawili mazima na moja lililokufa ambalo familia ilikuwa ikiwekea nguo, na kila asubuhi aliwapelekea wauza samaki wa Ng'ambo barafu juu ya Vespa yake. Kazi hiyo ilimfundisha kwamba dunia imegawanyika mafungu mawili: vitu vilivyowekwa baridini na vitu vilivyoharibika. Sista alipokuwa akiutundika ule mfuko, Mabrouk alikuwa ameugusa kwa udadisi tu. Ulikuwa vuguvugu, kama maji ya kumkogesha mtoto.

Aliiondoa gilasi juu ya kisahani ili iache kelele, akaishika mkononi mpaka homa iliposhuka.

*

Mfuko wa pili ulibidi utafutiwe watu. Chembe za mtu mmoja hazitoshi mgonjwa mzima, kwa hiyo damu ya watu wanne huchujwa na chembe zao zikatiwa pamoja. Watu wanne hao aliwaleta Nahodha, kaka mkubwa wa Ummkulthum, kutoka Chwaka: yeye mwenyewe na jamaa watatu wa kwao.

Nahodha alinunua mwani kwa kinamama wa pwani na kuuza kwa wakubwa, na alasiri alikuwa kocha wa timu ya kijiji. Mtu wa mbavu pana na maneno machache, na machache hayo mengi yake alimwekea mume wa dada yake. Ndiye aliyewajulisha watu wa kituo cha damu, bila ya kuulizwa: "Huyu ni shemegi yangu. Anauza maji magumu."

Mabrouk alicheka pamoja nao. Miaka yote alikuwa akicheka pamoja nao.

Wale wanne walipolazwa na kufungwa mikono, yeye alizurura. Alimkuta mtaalamu wa maabara, bwana mmoja mpole aitwaye Mcha, akamwomba amwoneshe chembe sahani zinapokaa. Mcha, ambaye kwa miaka hakuna aliyemwomba jambo hilo, alifurahi kama aliyeletewa posa. Alimpeleka mbele ya kabati la kioo. Ndani yake mlikuwa na mifuko ya maji ya manjano, rangi ya samli iliyoyeyuka, imelazwa juu ya sinia, na sinia lilikuwa linakwenda huku na kurudi huku, polepole, bila kusita.

Mabrouk akauliza friji liko wapi.

"Friji ni la zile nyekundu," alisema Mcha. "Hizi hazikai baridini. Zinataka joto la chumba na kubembelezwa. Ukiziacha zitulie, zinakosa hewa."

Kisha akautoa mmoja, akauinua mbele ya dirisha na kuuinamisha kidogo. Ndani ya yale manjano kikapita kitu: wingu la mng'aro likajipinda, likazima, likawaka upande wa pili. Mabrouk alishusha pumzi. Alikuwa amekiona kitu hicho hicho Chwaka, siku za uchumba, maji yakiwa kiunoni na jua limesimama: kundi la dagaa linapogeuka pamoja. Mcha akamwambia kwamba huo ndio uzima wao. Chembe nzima ni bapa kama visahani, na zikizungushwa huupokea mwanga namna ile. Zikiharibika mng'aro haupo.

"Na zinakaa muda gani hivi, nje?"

"Siku tano, basi."

Siku tano nje ya barafu. Mabrouk alijaribu kumfikiria samaki yeyote, wa aina yoyote, ambaye angevumilia jambo hilo, na asimpate. Kwa hiyo nadharia yake ikakamilika: mkewe hakutiwa damu ya mtu mwenye hasira, alitiwa damu iliyochacha. Wataalamu hawa walikuwa watu wema, ila walikuwa na mashine nzuri ya kubembeleza na hawakuwa na friza la maana.

*

Kesho yake mfuko ulikuwa tayari, na gari la hospitali lilikuwa gereji. Sista Badria alipiga simu kituo cha damu akaomba jamaa wa mgonjwa akabidhiwe. Jamaa mwenye chombo cha moto alikuwa mmoja tu.

Mcha alimkabidhi kisanduku na kumwambia mambo matatu, akimtazama machoni: asitie barafu, asikiache juani, asisimame njiani. Mabrouk alijibu naam kwa kila moja. Kisha akapanda Vespa, akaelekea Mpendae, kwa sababu naam ya Unguja ni jibu la mtu aliyeitwa, na wala haimaanishi kwamba atakuja.

Ukweli usemwe, alilifanya kwa mapenzi. Hakuchukua barafu ya wauza samaki. Alichukua ile ya maji yaliyochemshwa na kuchujwa, anayowawekea watu wa maharusi. Aliiponda ndogo ndogo, akaifunga ndani ya taulo safi ili isimwumize mtu, akaulaza mfuko juu yake na kuufunika kwa nyengine. Alipouona umelala hivyo, weupe juu na weupe chini, moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya homa. Akampitia na kinyozi mmoja Ng'ambo aliyekuwa akimdai maelezo juu ya ugonjwa wa mkewe, akampa.

Karibu na hospitali, kwenye uchochoro, alisimama. Akaitoa barafu, akaimwaga mtaroni, akakifuta kisanduku ndani na nje kwa ncha ya shati. Hapo ndipo mahali pa kumlaumu Mabrouk. Mtu anayeamini alichofanya hafuti kisanduku.

Sista Badria aliuchukua mfuko kwa mikono miwili. Mikono yake ikasita. Alimtazama Mabrouk, akaenda dirishani, akauinua, akauinamisha huku na huku.

Mabrouk naye aliinua shingo kutazama. Yale manjano yalikwenda na kurudi. Yalikuwa kama maji ya mchele. Alisubiri dagaa wageuke, na dagaa hawakugeuka, na ikamjia polepole, tokea miguuni, kwamba hapana dagaa.

"Huu umepata baridi," alisema Sista Badria. "Umepatia wapi baridi?"

Mabrouk alifungua kinywa na kusikia kikisema, "Upepo. Wa Vespa."

Sista hakucheka. Alimwita daktari, na daktari akautazama na kutikisa kichwa. Ilielezwa mbele ya wote kwamba chembe zikipigwa na baridi hujikunyata. Kile kisahani huwa kitufe chenye miiba, na ini la mgonjwa huziokota zote na kuzitupa kabla hazijaziba hata tundu la sindano. Mfuko huo haumfai mtu. Wa pili hawakuwa nao. Kituoni palikuwa na ule mmoja wa kundi lake la damu, na sasa hapakuwa na mmoja.

Kwa bahati mbaya, neno alilolikuta Nahodha alipoingia na kikapu cha chakula lilikuwa hilo la mwisho.

"Uko wapi mfuko?"

"Umeharibika," alisema Mabrouk.

Lilikuwa neno la kweli. Lilikuwa kama shahidi mkweli aliyeulizwa nusu ya swali. Nahodha alikitua kikapu, akamgeukia Sista Badria, na kwa mara ya kwanza watu wa wodi ile waliyasikia maneno yake mengi. Alisema jamaa zake wameacha kazi zao wakaja kutobolewa mikono. Alisema kila mtu anajua damu inakwenda wapi inapoambiwa imeharibika. Inakwenda kwa mwenye pesa. Alisema hakuna mtu wa Chwaka atakayetoa tena hata tone, na ikifika kesho jioni hapana mfuko, atamchukua dada yake kwao, afe kwa watu wanaomjali.

Sista Badria alisimama na mfuko wake mikononi. Angeweza kusema neno. Alimtazama Mabrouk muda mfupi tu, kama anayempisha mlangoni. Mabrouk akainama akazisoma kanda za viatu vyake.

*

Walipotoka wote, Ummkulthum alimwita mumewe karibu na kuukamata mkono wake. Aliushika kitambo, akauweka shavuni.

"Ulitia barafu," alisema.

Mabrouk akataka kusema upepo, akaona aibu kulirudia.

"Nimeishi na vidole hivi miaka kumi na sita. Najua vilipotoka." Alizungumza kwa pua iliyojaa pamba, hata neno zito likatoka kama la mtoto mwenye mafua. "Ulinitilia ile ya maharusi?"

"Ile ile."

Alifumba macho. Mabrouk hakujua kama anacheka au anaumwa. Kisha akamwambia kwamba Nahodha lazima ajue, na leo, maana keshokutwa habari itakuwa imefika Chwaka yote kwamba hospitali inauza damu, na baada ya hapo hata wa miaka ijayo, mtoto wa mtu mwengine kabisa, atakosa damu. "Ukimwambia wewe, ni kosa. Nikimwambia mimi, ni ugomvi. Chagua."

Mabrouk, ambaye bado alikuwa anatafuta njia ya uchochoroni, alikwenda kwa Sista Badria. Kwanza alikiri, kwa sauti ya mtu anayeuliza chooni ni wapi. Sista akasikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nilijua si upepo. Nikangoja." Basi Mabrouk akanyoosha mkono, akakunja mkono wa shati: achukuliwe damu yake yote inayotakiwa, kundi lake ni moja na la mkewe, wasiwasumbue tena watu wa Chwaka.

"Mna watoto wangapi na Ummkulthum?"

"Watatu."

"Basi yako kwake hatuitaki." Akamweleza kwamba mama anapobeba mimba, mwili wake hukutana na vitu vya baba kupitia kwa mtoto, na pengine huviwekea silaha. Akija kutiwa chembe za mume huyo huyo, silaha huamka, chembe zinauliwa, na homa inapanda kuliko ile ya mwanzo. "Mwili wake unakujua, Mabrouk. Umeshakutana na wewe mara tatu."

Bi Wanu, ambaye hakuna aliyejua kwamba yuko nyuma ya pazia, alisema kwa utulivu, "Mimi nilishamwambia kabla ya ndoa."

Mabrouk aliuteremsha mkono wa shati. Hata hivyo ndani yake udadisi haukuwa umekufa, na akauliza lile lililokuwa likimkereketa tangu siku ya kwanza: basi ile homa ilikuwa ya nini, ikiwa si hasira na si kuchacha? Sista Badria alikaa. Alisema ndani ya mfuko hubaki chembe nyeupe chache, zile askari wa mwili, na kadiri mfuko unavyokaa ndivyo zinavyomwaga vitu vyao ndani ya maji. Anayetiwa hushtuka, joto likapanda. Ule mfuko wa kwanza ulikuwa katika siku yake ya mwisho. Ukiwa mpya, homa hupungua. Tena ipo homa nyengine, mbaya, ya vijidudu, ambavyo hupenda sana joto la chumba. Ndiyo sababu ni siku tano na si sita, na ndiyo sababu aliusimamisha mfuko na kuurudisha uchunguzwe. Majibu yamekuja, haukuwa na kijidudu.

"Kwa hivyo kuogopa joto sikukosea."

"Hofu yako haikuwa ya kijinga," alisema Sista Badria. "Dawa yake ndiyo iliyokuwa ya kijinga. Nenda Chwaka."

*

Uwanja wa Chwaka una mchanga upande mmoja na minazi upande wa pili, na ni pale tu timu inapokwenda kucheza ugenini ndipo macho ya wachezaji hupona mchanga. Nahodha alikuwa katikati na filimbi shingoni. Vijana walipoiona Vespa walisimama. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba shemegi wa maji magumu kaleta vya kunywa.

Mabrouk alikuwa amekusudia kumvuta Nahodha pembeni. Lakini pale mpakani mwa uwanja walikuwa wamekaa wawili wa wale watatu waliotoa damu, na bendeji bado mkononi, wakiwahadithia wenzao jinsi hospitali za mjini zinavyofanya biashara. Akaona pembeni hapatoshi. Akaingia mpaka mstari wa katikati, akavua kofia, sijui kwa nini, kama anayekwenda kutawadha.

"Damu yenu haikuuzwa," alisema. "Niliitia barafu mimi."

Mlinda mlango, Jecha, mtu mrefu asiyeharakishwa na jambo, ndiye aliyeuliza.

"Barafu ya nini?"

"Nilihofu itaharibika."

"Ikaharibika kwa nini?"

"Kwa barafu."

Kicheko kilianzia golini kikazunguka uwanja mzima. Wenye bendeji hawakucheka mwanzo, kisha nao wakashindwa. Mtu alianguka chini na kushika mbavu. Mwengine aliuliza kama alitia na ndimu. Mabrouk alisimama katikati yake, na safari hii hakucheka pamoja nao, na jambo la ajabu ni kwamba aliona afadhali.

Nahodha hakucheka pia.

"Walikuambia usitie?"

"Waliniambia."

"Na Sista alipokuuliza, ulisemaje?"

"Nilisema upepo wa Vespa."

"Upepo wa Vespa," Nahodha alirudia polepole, kama anayeupima mwani una maji kiasi gani. "Na mimi nikamsimamia mtoto wa watu mbele ya wagonjwa, nikamwita mwizi. Wewe umesimama. Unanisikia."

"Nnakusikia."

"Mabrouk." Hajapata kumwita kwa jina lake. "Mimi nilikuwa nakuona mtu wa mzaha tu. Mzaha hauna kosa. Ule ulikuwa woga."

Hilo liliingia mahali ambapo maji magumu hayakupata kufika. Mabrouk hakujitetea. Akasema tu kwamba dada yake Nahodha anahitaji watu wanne wengine, kwa sababu wale wa mwanzo hawawezi kurudia kabla ya miezi mitatu, na kwamba wakiona ni bora aje mtu mwengine kuomba, yeye atakwenda kukaa nje ya uwanja.

Jecha ndiye aliyeokoa, na hakuwa na nia ya kuokoa. Alitaka kujua tu. Aliuliza sasa hizo chembe zinataka nini, ikiwa barafu hazitaki. Mabrouk akaeleza kabati la kioo. Akaeleza sinia, kwa kiganja chake, huku na kurudi huku, na bila kujijua wawili watatu nao wakaanza kupeleka viganja. Akaeleza kisahani na kitufe cha miiba. Mwengine akauliza zikiwa nzima zinajulikanaje, na Mabrouk akawaambia: unauinua mfuko kwenye mwanga, unauinamisha, na ndani mnageuka kama dagaa wanapogeuka pamoja.

Hawa walikuwa watu wa Chwaka. Kitu hicho hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili.

"Ndani ya damu yangu mna hivyo?" aliuliza Jecha.

"Mna hivyo."

"Nataka kuona."

Nahodha alikumbusha, kwa sauti ya kocha, kwamba Ijumaa wana mechi na Marumbi, na anayetoa damu kesho asubuhi hatacheza keshokutwa. Aliwatazama mmoja mmoja. Wanne wenye kundi la damu linalofaa walipatikana: mlinda mlango, mabeki wawili, na yule mshambuliaji ambaye Marumbi nzima inamwogopa. Nahodha alipuliza filimbi, mazoezi yakaisha. Alipofika kwenye Vespa alimwambia Mabrouk kwamba alfajiri watakwenda pamoja kumwomba radhi Sista. "Wewe mbele."

*

Sista Badria alizipokea radhi mbili kama anavyopokea vidonge, akazihesabu na kuziweka mahali pake. Mfuko mpya ulipokuwa tayari, gari la hospitali bado lilikuwa gereji. Mabrouk aliendesha, na Nahodha alikaa nyuma na kisanduku mapajani, akikipeleka huku na kurudi huku njia nzima kutoka kituoni hadi Mji Mkongwe, mtu wa mbavu pana juu ya kiti kidogo, uso mkavu, na watu wa Darajani waligeuka kumtazama. Hawakupita Mpendae.

Kabla ya kuondoka kituoni Mabrouk naye alikuwa amelazwa kitandani, mkono ukiwa umekunjuliwa, damu yake ikienda kwa mtu asiyemjua na asiyezaa naye. Alimwuliza Mcha kama anaweza kujua itamwendea nani. Hawezi. Basi, alisema Mabrouk, huyo mtu akitetemeka, aambiwe kwamba mwenyewe hakuwa na hasira na mtu.

Wodini Sista Badria aliuinua mfuko dirishani. Jecha, aliyekuja na bendeji yake, alisogea mpaka akakigusa kioo. Sista akauinamisha. Manjano yakajipinda, yakawaka, yakazima, yakawaka tena. Bi Wanu aliisahau tasbihi yake katikati.

Mfuko ulitundikwa, ukaachiwa taratibu. Watu wote katika chumba kile walikuwa na mahali pamoja pa kutazama, na hapakuwa usoni kwa mgonjwa. Walikuwa wanaitazama gilasi juu ya kisahani. Nusu ya mfuko ilipita, gilasi kimya. Robo ikabaki, palipoanzia siku ile, na Mabrouk alishika ukingo wa kabati. Gilasi kimya. Mpira ukabaki mtupu. Sista akapima joto, lilikuwa limepanda kidogo sana, akaandika, akasema hilo tunaliruhusu likae. Baadaye, baada ya sala ya alasiri, akazitoa pamba za puani. Zilikuwa nyeupe.

Ummkulthum alivuta pumzi kwa pua, mara moja, kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu ngazi ya zamani. Kisha akasema ana kiu. Anataka maji, na anataka ya baridi.

Hapakuwa na mtu aliyethubutu. Mabrouk alimgeukia Sista Badria na uso wa mshtakiwa.

"Kinywani, ruhusa," alisema Sista.

Mabrouk akainuka, na hapo ndipo ilipombainikia kwamba katika maisha yake yote amefika mahali mara moja tu bila barafu, na ni leo. Nahodha akamsukuma kwa kiganja arudi kitini kwake.

"Kaa na mkeo," alisema. "Mimi nnakwenda kununua maji magumu."

Alirudi na mfuko mdogo wa plastiki uliofungwa fundo. Akaivunja barafu kwa ngumi, akaitia ndani ya gilasi, akampa dada yake. Ummkulthum aliinua mkono na chumba kizima kikasikia, ngiri ngiri ngiri, na watu wanne wakainuka kwa pamoja, Bi Wanu akiwa wa kwanza.

Mkono wake ulikuwa umetulia. Ilikuwa ni barafu tu, inagonga kioo.